Nikiamka sijui kipi nimekiota na kipi kimetokea kweli

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Uyole, Mbeya, nafanya biashara ya viazi mviringo. Mzigo tunapakia usiku, kwa hiyo siku za gari narudi nyumbani saa 11 alfajiri, nalala mpaka saa 3 asubuhi. Siku nyingine nalala usiku kama kawaida. Tangu mwezi wa tano hali yangu siielewi. Kwanza, nakabwa. Naamka naona chumba changu vizuri kabisa, neti, kabati, mwanangu pembeni, lakini siwezi kunyanyua hata kidole, na kuna mtu amesimama mlangoni. Pili, naamka, nanawa uso, najifunga kanga, nachota maji, halafu naamka tena, kumbe bado niko kitandani. Tatu, na hili ndilo linaniumiza: nilimwambia wifi alete ile laki moja na themanini kama alivyoahidi, akasema hajawahi kuahidi. Mimi nakumbuka tulisimama wapi na alivaa nini. Tumegombana mbele za watu, sasa kaka yangu hanisemeshi. Baadaye nikaanza kuwaza, au niliota? Shangazi anasema wifi ananichukua usiku kwenda kulima mashamba yake, ndiyo maana naamka nimechoka, kichwa kinauma na miguu ina tope. Marehemu baba naye amenijia, ananiangalia tu. Baridi ya huku unaijua, tunalala na jiko la mkaa chumbani, labda nalo linaniletea usingizi mzito. Je, nimerogwa, au ndiyo narukwa na akili?"

Marahaba, mdogo wangu. Nitayajibu yote, ila niruhusu nianzie ulipomalizia. Jiko la mkaa umelitaja kwa kupita tu, na kwangu ndilo la kwanza. Usiku wa leo lisilale chumbani. Hata kama maelezo yangu mengine yote utayakataa, hilo lifanye.

Mkaa unapoungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu wengi wa Mbeya, Njombe na Makete wanajua kwamba moshi ni mbaya, kwa hiyo wanawashia jiko nje, wanasubiri mkaa ukolee uwe mwekundu bila moshi, ndipo wanaliingiza ndani wakiamini sasa ni salama. Mkaa uliokolea bado unatoa hewa ileile. Ikiingia kwenye damu hushikana na himoglobini, inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mwili unakosa oksijeni huku mtu anapumua kama kawaida. Ikiwa kidogo, inaleta kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kusahausahau na akili kuvurugika. Ikizidi inaua, na aliyelala hapati hata nafasi ya kukohoa. Huo "usingizi mzito" unaoutaja ndio unaonitia wasiwasi.

Jiulize mawili. Je, kichwa kinapungua ukishatoka nje ukakaa kwenye upepo? Je, mtoto naye amewahi kuamka analia kichwa, au anatapika asubuhi? Likiwapo mojawapo, nendeni wote kituo cha afya, na sema wazi kwamba mnalala na jiko. Mhudumu asiyeambiwa habari za jiko atawapima malaria na kuwarudisha nyumbani. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku kwetu si ya mchezo, naijua. Ongezeni blanketi, vaeni soksi na kofia, wekeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa miguuni. Lakini asilale mtu na jiko, hata kwa ile nusu saa ya kusubiri usingizi uje.

Sasa ndoto. Sidhani jiko peke yake linaeleza uliyoyaandika, ingawa linaweza kuwa linayachochea. Ulichofanya, na wengi hufanya hivyo, ni kuchukua mambo manne au matano yenye vyanzo tofauti na kuyapa mwenye nyumba mmoja, kwamba ni uchawi au ni kichaa. Ngoja tuyatenganishe.

Usingizi haufanani tangu mwanzo hadi mwisho. Unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na ndani ya mzunguko kuna kipindi ambacho macho yanatikisika chini ya kope, ubongo unachemka karibu sawa na wa mtu aliye macho, na misuli imelegea kabisa. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago ndio waliokieleza kipindi hicho mwaka 1953, wakaona kwamba ukimwamsha mtu wakati huo, mara nyingi anakusimulia ndoto ndefu iliyojaa picha. Ndoto hutokea nyakati nyingine pia, lakini zilizo kali zaidi ziko hapo. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho ni cha dakika chache. Kadiri alfajiri inavyokaribia kinarefuka, na kwa mtu mzima jumla yake hufika karibu robo ya usingizi wote.

Tazama ratiba yako. Siku za gari unaingia kitandani saa 11 alfajiri, saa ambayo mwili ulishaitenga kwa ndoto. Una deni la usingizi, kwa hiyo unazama kwenye ndoto mapema. Huku nje jua linatoka, jirani anafagia, bajaji zinapiga honi, mtoto anaita mama. Ndoto zinakatwa katikati, na kila unapogutuka katikati ya ndoto unaamka ukiwa umeishika mkononi. Anayelala moja kwa moja usiku kucha naye anaota, ila asubuhi hana cha kusimulia.

Kukabwa kunatokana na hapohapo. Wakati wa ndoto, shina la ubongo linapeleka ishara kwenye uti wa mgongo kuzima misuli. Ni ulinzi, maana bila hivyo ukiota unapigana ungempiga mwanao aliye pembeni. Kwa kawaida ufahamu na misuli huamka pamoja. Mara nyingine ufahamu unatangulia. Macho yanafunguka, unaona neti, kabati, mtoto, vyote kweli vipo, lakini mikono bado imezimwa na mabaki ya ndoto bado yanaendelea juu ya chumba halisi. Kifua unakihisi kizito kwa sababu misuli ya mbavu imelegea na unapumua kwa kiwambo peke yake, ule msuli ulio chini ya mapafu. Ukitaka kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, haiji, na hofu inapanda. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari nayo iko kazini kipindi hicho. Ubongo ulioingiwa na hofu hauachi mlango mtupu. Utaweka mtu.

Huyo mtu wa mlangoni anajulikana dunia nzima. Wajapani wana jina lao, kanashibari. Kule Newfoundland, Kanada, wanamsimulia bibi kizee anayekalia kifua. Sisi tuna jinamizi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta kwamba karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa na hali hii walau mara moja, na kwa wanafunzi ilikuwa kama 28 katika kila 100. Wanafunzi hulala ovyo, kwa hiyo sioni ajabu. Kukabwa hukaa sekunde chache, mara nyingine dakika moja au mbili, na peke yake hakuui wala hakuachi madhara mwilini. Kukikujia usipambane kuinuka. Elekeza nguvu kwenye kitu kidogo, kidole gumba cha mguu au kuzungusha macho, pumua taratibu, subiri. Jaribu pia kulala ubavu, maana wengi hukabwa wakiwa chali.

Kuamka mara mbili hakunisumbui sana. Ubongo unaota kile unachokingojea, na mama mwenye mtoto na mzigo sokoni anangoja kuamka. Ukishuku, soma maandishi, kwa mfano kalenda ya ukutani, geuza macho, yasome tena. Ndotoni maandishi mara nyingi hubadilika. Kujifinya si kipimo kizuri, kwani unaweza kuota unajifinya.

Kuna watu wanaojifunza kwa makusudi kujijua kwamba wanaota wakiwa ndani ya ndoto. Ni jambo la kweli, na tangu miaka ya 1970 limepimwa maabara kwa waotaji kutoa ishara ya macho waliyokubaliana kabla ya kulala. Baadhi ya wenye ndoto mbaya za kujirudia huwasaidia. Wewe sikushauri kwa sasa, kwa sababu mazoezi yake yanakutaka uamke usiku na kuichunguzachunguza kila hali kama ni ndoto, na usingizi wako tayari umechanika.

Tuje kwa wifi, maana hapo ndipo penye gharama.

Umeandika kwamba unakumbuka mlisimama wapi na alivaa nini, na kwako huo ni ushahidi kwamba yalitokea. Karibu kila mtu anafikiri hivyo. Lakini kumbukumbu haihifadhiwi pamoja na maelezo ya ilikotoka. Unajua jinsi magunia ya wafanyabiashara watano yanavyopakiwa Fuso moja: kila gunia linapigwa rangi au kuandikwa herufi ya mwenyewe, na lile lililosahauliwa alama, likifika sokoni kila mtu analitazama ukubwa, kamba na ujazo, kisha anakisia ni la nani. Ubongo unafanya kazi ya kukisia hivyo kila siku. Mwaka 1981 wanasaikolojia wa Marekani, Marcia Johnson na Carol Raye, walieleza namna tunavyoamua: jambo lenye sura, sauti, mahali na wakati tunalihesabu kuwa limetokea, jambo ambalo tunakumbuka tulihangaika kulifikiria tunalihesabu kuwa la kichwani. Ndoto inaukwepa utaratibu huo. Ina sura, ina sauti, ina nguo aliyovaa mtu, na haina dalili ya kuhangaika kufikiri, kwa sababu ilikuja yenyewe.

Ongeza kwamba wakati wa ndoto sehemu za mbele za ubongo, zile zinazouliza "hivi hili linawezekana?", zimepunguza kazi. Kemikali ya noradrenalini, inayosaidia kukaa chonjo na kushika kumbukumbu, iko chini kabisa. Kwa hiyo kinachohifadhiwa ni vipande, na ukiamka unaviunganisha mwenyewe bila kujua kwamba unaunganisha.

Na ndoto za ajabu wala hazina hatari. Ukiota unaruka juu ya mlima Loleza, asubuhi humdai mtu chochote. Inayoponza ni ndoto ya kawaida, ya watu wako, mahali pako, jambo ambalo kweli liko moyoni. Suala la pesa ni la kweli, wifi ni wa kweli, na ulikuwa umelala unaliwaza. Ukishaisimulia kwa shangazi, ukaisimulia tena kwa jirani, kila mara inaongezeka uthabiti, mpaka inakuwa ngumu kuitofautisha na mazungumzo ya kweli.

Je, nasema uliota? Hapana, siwezi kusema hivyo. Inawezekana wifi aliahidi kweli na sasa anakana. Mimi sikuwepo, na kumbukumbu yako haiwezi kuamua kesi hii peke yake. Tafuta vitu vya nje yako. Kuna ujumbe kwenye simu? Kuna muamala? Kuna mtu wa tatu aliyekuwepo? Kisha jiulize swali ambalo huwa nawauliza wagonjwa: ulifikaje pale mlipokuwa mmesimama, na ulipoondoka ulikwenda wapi? Mazungumzo ya kweli yana njia ya kuja na njia ya kuondoka. Ulikuwa umetoka kumlipa kuli, ukapita dukani kwa vocha, ukamkuta. Ndoto mara nyingi inaanzia katikati, mko tu mmesimama. Kipimo hiki kina mapungufu, kwani hata mambo ya kweli tunasahau yalivyoanza, lakini ukiunganisha na simu na mashahidi utapata picha.

Kuanzia sasa, pesa na ahadi ziingie kwenye daftari siku ileile, kwa tarehe, ukiwa umesimama kwa miguu yako. Lisiloandikwa usilidai kwa sauti kubwa. Na ukiamka na jambo linalokuchoma kuhusu mtu, lisubiri mpaka umenawa, umekula, umetoka nje. Jambo ambalo umelikumbuka kwa mara ya kwanza ukiwa kitandani lina mashaka zaidi kuliko lile ulilokuwa nalo tangu jana yake.

Shangazi yako anakupenda, na ameona unateseka akatafuta sababu. Sababu aliyoipata ina jina la mtu ndani yake, na hapo ndipo ninapomkatalia. Tope miguuni: unafanya kazi ya viazi Uyole, ningeshangaa kama miguu ingekuwa misafi. Uchovu: unasimamia upakiaji usiku, unalala saa nne zilizokatikakatika, unavuta hewa ya mkaa. Hayo matatu yanatosha kumchosha mtu bila kumpeleka shambani kwa mtu yeyote. Ukinieleza kwamba unakoroma sana, au hedhi yako ni nyingi na unapata kizunguzungu, nitaongeza kupima pumzi za usingizini na damu. Watu wachache kweli huinuka na kutembea wakiwa wamelala, lakini wanaoishi nao huwaona, na mlango hukutwa wazi.

Nikwambie kwa nini nasisitiza. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikaenea Unguja. Watu walisimulia kukandamizwa usiku wasiweze kusogea wala kupiga kelele, wakawa wanakesha nje makundi makundi. Wachunguzi wengi wanaona kukabwa usingizini ndiko kulikokuwa ndani ya simulizi nyingi. Unguja kundi la watu likamuua mgonjwa wa akili wa watu, likidhani ndiye. Huku kwetu pia tumewazika vikongwe kwa tuhuma zilizoanzia kwa mtu aliyeota. Kwa hiyo, mchungaji akuombee, sina ugomvi na sala, na mtu aliyetulia moyo hulala vizuri zaidi. Lakini awe mchungaji au mganga, akianza kukutajia jina la mtu, toka hapo.

Kuhusu marehemu baba, sitaki kukuchukulia kitu ambacho pengine kinakufariji. Daktari Dewi Rees aliwahoji wajane na wagane 293 huko Wales, akachapisha matokeo mwaka 1971: karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuhisi uwepo wa mwenza aliyefariki, tena wengine wakiwa macho kabisa, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Hawakuwa wagonjwa. Kama baba anakuja na anakuangalia tu, na wewe unaamka na majonzi ya kawaida, mwache aje. Akianza kukuamuru ujidhuru au umfuate, hapo niambie haraka, au mwambie aliye karibu nawe.

Utafanya nini? Dawa kubwa ni usingizi, na najua kukwambia "acha kazi ya usiku" ni maneno ya mtu asiyelipa ada. Ukiweza, panga siku za gari zifuatane, kuliko leo usiku, kesho mchana, keshokutwa usiku tena. Mwili unavurugwa zaidi na kubadilishabadilisha. Lala saa moja au mbili jioni kabla ya kwenda kupakia. Dirisha la chumba liwekewe blanketi zito ili giza liwepo asubuhi, mtoto akae kwa jirani mpaka saa 5, nawe uongeze hizo saa mbili unazozikata. Mweke mtu unayemwamini asimamie baadhi ya mizigo. Ni hasara kidogo, lakini ugomvi na kaka yako nao ni hasara. Chai ya Tukuyu ni tamu usiku wa baridi, ila kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa 8 usiku bado nusu yake inakusubiri saa 1 asubuhi ukiwa kitandani.

Usinunue vidonge vya usingizi dukani. Najua piritoni inatumika sana kwa kazi hiyo. Inakusinzisha, lakini inakuacha mzito asubuhi, na baadhi ya watu akili huvurugika zaidi. Diazepamu inazoeleka haraka, na kuiacha baadaye ni kazi.

Hukuniambia kama kuna dawa unazotumia, na hapa siulizi ili unijibu hadharani. Efavirenzi, iliyokuwa kwenye kidonge cha ARV kilichotumiwa na wengi kwa miaka mingi, inajulikana sana kwa ndoto kali. Dolutegraviri inayotumika sasa nayo huwaletea baadhi ya watu kukosa usingizi na ndoto za ajabu. Propranololi ya presha, na baadhi ya dawa za sonona, ni vilevile. Kama uko kwenye mojawapo, usiache hata siku moja. Nenda CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, au kwa daktari wako uulize kuhusu kubadilisha saa ya kumeza. Pombe nayo: ulanzi au komoni ya jioni inabana ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha zinafumuka alfajiri kwa fujo. Na kama unashuka Kyela kufuata mchele, homa yoyote baada ya hapo ipimwe malaria kabla ya kuitafutia maana ndoto zake.

Sasa, lini uje hospitali. Katika barua yako sioni kurukwa na akili. Aliyerukwa na akili kwa kawaida hana swali kama lako, ana uhakika. Wewe umejiuliza "au niliota?", na kujiuliza huko ni afya. Lakini usisubiri kama unasikia sauti au unaona watu mchana ukiwa macho kabisa, kama unaamini mtu anayaongoza mawazo yako, kama unakaa siku kadhaa bila kulala na bado una nguvu za ajabu, au kama mawazo ya kujiua yamekupitia. Mama aliyejifungua karibuni akionyesha dalili hizi, aje siku hiyohiyo.

Wengine wanaosoma hapa watajiona kwenye hali nyingine. Anayesinzia ghafla mchana katikati ya maongezi, na magoti yanamlegea akicheka, huenda ana nakolepsi, ugonjwa wa usingizi ambamo kuchanganya ndoto na kweli ni jambo la kawaida sana, na una matibabu. Mwanaume wa zaidi ya miaka 50 anayepiga ngumi na mateke akiwa ndotoni aonwe na daktari wa neva, kwani hiyo huweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, kwa miaka. Anayeamka ameuma ulimi, amejikojolea, hajui alipo, afikiriwe kifafa cha usiku. Nyanda za juu kusini tuna sababu ya ziada ya kulitazama hili: tegu wa nguruwe. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo yakimezwa kupitia mikono au maji machafu, mabuu yake yanaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ugonjwa huo upo Mbeya na Mbozi, na unachunguzika.

Wewe anzia kituo cha afya kilicho karibu, wapime damu, presha na malaria, waeleze jiko na ratiba. Ukishalala bila jiko na kwa saa za kutosha wiki tatu au nne, na bado hujui kipi ni ndoto, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uonwe na watu wa afya ya akili. Wengi huogopa kwamba ukitamka "afya ya akili" unapakiwa gari la Dodoma kwenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Si hivyo, wagonjwa wengi wa namna yako wanahudumiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kwa kaka yako, nenda kabla ya kwenda hospitali. Huna haja ya kukiri kwamba uliota wakati hujui. Mwambie umekuwa hulali, kwamba jambo la ile ahadi huna uhakika nalo tena, na kwamba ulikosea kulisema mbele za watu. Deni lenyewe, kama lipo, mkae watatu na wifi, muandike kiasi na tarehe ya kulipa. Na siku ya kliniki nenda na mtu anayelala nyumba moja nawe, hata kama ni shangazi, kwa sababu tutauliza kama unakoroma, kama unaongea usingizini, kama mlango umewahi kukutwa wazi, na maswali hayo wewe huwezi kuyajibu.